Namba Mbili kwenye Kibao Kimoja

Kibao cha duka la Kariakoo, miaka ishirini iliyopita, kiliweza kubeba namba tatu za simu, zote za mtu mmoja. Ya juu ilianza na 051, namba ya mezani ya Dar es Salaam tangu zamani. Chini yake ilikuwepo 022, iliyochukua nafasi ya ile 051. Ya tatu ilianza na 0744, kwa brashi nyingine na rangi nyingine. Siku moja mchora vibao alirudi na kopo dogo la rangi, akaigeuza 4 ya kwanza kuwa 5, akashuka ngazi. Duka lilikuwa lilelile, na mteja wa Songea mwenye karatasi ya mwaka juzi bado alitakiwa kulifikia.

Simu ya mkononi iliingia Dar es Salaam mwaka 1994 kupitia Mobitel, na kwa miaka kadhaa ilibaki kuwa mali ya wenye uwezo. Vodacom ilianza mwaka 2000, Celtel ikafuata mwaka 2001, na mitaa ya Aggrey na Likoma ikaanza kujaa vioo vya simu. Sikio la mfanyabiashara lilizoea haraka: 0741 ni Mobitel, 0744 ni Voda, 0747 ni Zantel, 0748 ni Celtel. Kabla hujapiga ulishajua unapiga mtandao gani, na vocha yako itakwenda kwa kasi gani.

Tatizo lilikuwa la hesabu tu. Baada ya 0744 zinabaki tarakimu sita, na tarakimu sita hutoa namba milioni moja, basi. Wateja walipozidi, mpango mpya ukaanza kutumika chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Sasa kampuni ilipewa nafasi pana zaidi: 075 ikifuatiwa na tarakimu saba ni namba milioni kumi. Kwa hiyo 0744 ikawa 0754, 0741 ikawa 0713, 0747 ikawa 0777, na 0748 ikawa 0784. Zile sita za mwisho hazikuguswa. Yeyote mwenye jedwali hilo dogo kichwani aliweza kuitafsiri namba ya zamani papo hapo, na hapo ndipo ninapoona busara ya mpango wenyewe: ulibadilisha kilichobana, ukaacha kile watu walichokikariri.

Hata hivyo daftari la mikopo halijui kwamba mpango umebadilika. Wala kadi ya biashara, wala jina lililohifadhiwa ndani ya laini. Kwa muda mrefu kila aliyepokea namba kutoka kwa watu ilibidi azijue zote mbili.

Kazi hiyo baadaye ilihamia kwenye programu. M-Pesa ilipofika Tanzania mwaka 2008, fedha yenyewe ilianza kusafiri kwa namba ya simu, na kosa la tarakimu moja likawa hela iliyokwenda kwa mtu mwingine. Hivyo programu zikafundishwa kuhakiki: namba iwe na tarakimu kumi, ianze na 0, na ikiwa ni 075 basi ni Voda. Kanuni hii ya mwisho ilivunjika tarehe 1 Machi 2017, wateja waliporuhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba. Iliyokuwa kweli Februari haikuwa kweli tena.

Taarifa kama hizo huhakikiwa leo kwa maktaba za programu, na iliyoenea sana kati ya wanaotumia lugha ya Python ni Pydantic, aliyoianzisha Mwingereza Samuel Colvin mwaka 2017. Juu yake Sebastián Ramírez wa Kolombia alijenga FastAPI, kiunzi cha kutengenezea huduma za mtandaoni, kilichotoka mwaka 2018. Tarehe 30 Juni 2023 Pydantic ikatoa toleo la pili, moyo wake ukiwa umeandikwa upya kwa lugha ya Rust ili uwe na kasi.

Ukali wake pia ulikuwa mpya. Chukua orodha ya wateja wa duka la jumla, iliyotoka kwenye Excel. Excel huona simu ni namba ya kawaida, hula sifuri ya mwanzo, na 0754 inabaki 754. Programu inatarajia maandishi. Toleo la kwanza la Pydantic liliipokea namba hiyo na kuigeuza maandishi kimyakimya, pengo la sifuri likabaki humohumo. Toleo la pili huikataa mlangoni. Mimi nipo upande wa toleo la pili. Lakini huduma iliyoandikwa kwa kutegemea ule upole wa zamani ingeamka asubuhi ikiwafukuza wateja.

Ramírez hakumlazimisha mtu kuhama usiku mmoja. Julai 2023 FastAPI 0.100.0 ilitoka ikikubali matoleo yote mawili, na ndani yake kila mahali palipogusa Pydantic palibidi paulize kwanza: umekuja na la kwanza au la pili? Ni kazi ngumu isiyoonekana, na kila kasoro inatafutwa mara mbili. Pydantic nayo ililibeba toleo la kwanza ndani ya la pili, kwa jina la pydantic.v1. Oktoba 2025 FastAPI ikaruhusu matoleo yote mawili yaishi ndani ya huduma moja, ili mtu ahamishe fomu moja leo na nyingine wiki ijayo.

Mwezi huohuo ilitoka Python 3.14, ambayo toleo la kwanza la Pydantic haliwezi kuendeshwa juu yake. Desemba 2025 FastAPI ikaacha kulihudumia. Kati ya mlango kufunguliwa kwa wote wawili na kufungwa kwa mmoja ilipita miaka miwili na nusu hivi.