Homa ya Ini, Sirosisi na Saratani ya Ini

Virusi vya homa ya ini vya aina B na C ndivyo chanzo kikuu cha saratani ya ini duniani. Vikidumu mwilini, kinga ya mwili huzishambulia seli za ini vilimojificha. Seli hufa, nyingine huzaliwa, na shambulio hurudi. Baada ya miaka mingi makovu huenea, ini likakakamaa na kujaa vinundu; hali hiyo ndiyo sirosisi. Mgonjwa huenda asihisi lolote mpaka tumbo lijae maji, macho yawe ya manjano au atapike damu. Seli zinapogawanyika kila mara kuziba pengo, makosa hulimbikizana katika vinasaba vyake, na hapo saratani hupata mwanya.

Ushahidi mzito ulitoka Taiwan. Daktari Mmarekani R. Palmer Beasley na wenzake waliwafuatilia wanaume 22,707, na mwaka 1981 wakatangaza kwamba waliokuwa na virusi vya B vya kudumu walikabiliwa na hatari ya saratani ya ini zaidi ya mara 200 ikilinganishwa na wasio navyo. Hata sigara na saratani ya mapafu hazifikii kiwango hicho.

Aina hizi mbili hazitendi sawa. C kwa kawaida hupitia sirosisi kwanza. B huweza kupachika vinasaba vyake ndani ya vile vya seli, kwa hiyo saratani hutokea hata pasipo sirosisi. Pombe huzidisha hatari, na vilevile sumukuvu ya mahindi na karanga zilizoota ukungu, tatizo linalojulikana sana Kenya na Tanzania.

Jambo kubwa katika B ni umri. Kati ya watoto 100 wanaoambukizwa wakiwa wachanga, wapatao 90 hubaki na virusi. Kwa watu wazima hawafiki 5. Ndiyo maana Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na kufikia miaka ya 1990 saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imepungua kwa karibu nusu. Kuiita hii chanjo ya saratani si kutia chumvi.

C haina chanjo, lakini vidonge vya wiki 8 hadi 12 huwaponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100. Aliyepona akiwa tayari na sirosisi bado yumo hatarini, na hupaswa kupimwa ini kwa altrasaundi kila baada ya miezi 6.