Ukoo wa Ndezi

Katika miaka yangu ya kufundisha walimu, wanachuo wengi walikuwa na imani moja iliyonisumbua: kwamba mambo makubwa ya kale yalitokea kwa watu wengine, na sisi tulikuwa tukingojea kufikiwa tu. Leo ningewajibu kwa habari za panya.

Mwaka 2008, wataalamu wawili wa Uruguay, Andrés Rinderknecht na Ernesto Blanco, walitangaza fuvu la mnyama wa kale waliyemwita Josephoartigasia monesi. Fuvu hilo lina urefu wa sentimita 53. Wao walimkadiria uzito wa kilo 1,000 hivi. Hesabu ya mwaka 2022 ikamshusha hadi kilo 480 hivi. Hata kwa hesabu hiyo ndogo anamzidi punda kwa mbali, na katika jamii yote ya panya hajajulikana aliye mkubwa kuliko yeye.

Lakini msomaji, tuulize asili yake. Mababu zake walitoka Afrika, wakafika Amerika ya Kusini yapata miaka milioni 40 iliyopita, wakati bahari ilikwisha kuyatenga mabara haya mawili. Wataalamu wengi wanaona kuwa walivuka juu ya miti na majani yaliyong'olewa na mafuriko. Kizazi chao ndicho kilichozaa lile jitu la Uruguay, na pia simbilisi wanaofugwa na watoto wetu. Miongoni mwa ndugu waliobaki Afrika ni ndezi.

Ushahidi wa hao waliobaki hauko mbali na hapa Ihanda. Katika miamba ya Nsungwe, Bonde la Ufa la Rukwa, yalipatikana masalia ya mnyama wa ukoo wa ndezi, yenye miaka milioni 25 hivi. Mwaka 2009 alipewa jina Kahawamys mbeyaensis: kahawa kwa lugha yetu, mys yaani panya kwa Kigiriki, na Mbeya, kwani Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016. Mkulima anayepalilia mibuni yake Ihanda ana haki ya kulijua jina hilo.

Wahenga walisema, mkataa kwao mtumwa. Mwalimu wa Mbozi asianze somo hili na Uruguay. Aanze na ndezi, ambaye jitu limetoweka yeye akabaki, naye tunamchomea matete kila kiangazi ili tumpate. Tukiyamaliza matete, wajukuu watamsoma ndezi kama tunavyomsoma jitu: kwa mifupa.