Kutoka kibendera cha kona hadi kadi ya kijani

Roger Milla alikuwa na miaka 38 na watu walikwisha kumhesabu kuwa ametundika daluga. Alikuwa kisiwani Réunion, akisakata soka la kujifurahisha, pale Rais Paul Biya wa Kameruni alipotaka arudishwe kikosini kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1990 nchini Italia. Tarehe 14 Juni, mjini Bari, alitokea benchi akaifunga Romania mabao mawili, akakimbilia kibendera cha kona, mkono mmoja tumboni, mwingine juu, akaanza kukata kiuno. Siku tisa baadaye, Naples, alifunga mengine mawili dhidi ya Kolombia, la pili baada ya kumpokonya mpira kipa René Higuita aliyetoka golini na kujifanya kiungo. Kameruni ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali.

Kwetu Tanzania Bara wakati huo hakukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, vilianza 1994. Wengi walimjua Milla kwa redio, picha za magazeti na kanda za video za kuazimana. Hilo halikuwazuia watoto wa chandimu kukimbilia kona iliyowekwa tofali badala ya kibendera na kuzungusha viuno mbele ya wenzao.

Zamani shangwe zilikuwa baridi zaidi. Katika filamu za kale za soka la Uingereza, mfungaji hupewa mkono na wenzake, kisha hurudi katikati ya uwanja kama karani aliyemaliza zamu. Pelé ndiye anayetajwa kuliacha hilo mapema. Inasimuliwa kwamba tarehe 2 Agosti 1959, katika uwanja wa Rua Javari jijini São Paulo, alizomewa na mashabiki wa Juventus ya huko, akafunga bao ambalo mwenyewe aliliita zuri kuliko yote, kisha akaruka na kupiga ngumi hewani.

Ngumi ile ilikuwa jibu kwa waliomzomea. Kiuno cha Milla hakikumjibu mtu. Zote mbili ni shangwe, lakini kwa kocha wa watoto wa miaka kumi na mbili tofauti hiyo ina uzito kuliko mtindo wenyewe, kwa sababu mtoto huiga kwanza na kuelewa baadaye. Akimwona nyota anaweka kidole mdomoni mbele ya mashabiki wa wapinzani, Jumamosi atafanya vilevile mbele ya kipa aliyefungwa, ambaye huenda ni jirani yake.

Watunga sheria nao waliingilia, hasa kwenye kuvua fulana. Mwaka 2002, siku ya ufunguzi wa Kombe la Dunia jijini Seoul, Papa Bouba Diop wa Senegal aliwafunga mabingwa Ufaransa, akavua jezi, akaitandika chini karibu na kibendera cha kona, na wenzake wakaizunguka wakicheza. Novemba mwaka huohuo Diego Forlán wa Manchester United alivua yake baada ya kuifunga Southampton, akashindwa kuivaa tena. Mpira ukaanza naye yuko kifua wazi, jezi mkononi, anakimbiza wapinzani. Tangu Julai 2004 kuvua jezi ni kadi ya njano, na siku hizi hata kama bao lenyewe limekataliwa.

Sheria ya 12 ya soka inaruhusu wachezaji kushangilia, mradi wasipitilize. Kadi ya njano humpata pia anayepanda uzio, anayevaa kinyago na anayewachokoza au kuwakejeli wengine. Kwa maoni yangu hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ndilo refa husita zaidi kuliadhibu. Jezi iliyovuliwa kila mtu anaiona, ila kejeli inabidi refa aipime kwa akili yake.

Mwaka 2019 mjadala ulihamia Reims, Ufaransa, Marekani ilipoifunga Thailand 13-0 katika Kombe la Dunia la Wanawake. Wengi walilaumu shangwe za mabao ya mwisho kuliko wingi wa mabao yenyewe. Alex Morgan, aliyefunga matano, ndiye pia aliyeonekana baada ya filimbi akimfariji mchezaji wa Thailand.

Jibu lililonivutia zaidi halikutoka kwa watunga sheria. Lilitoka Mathare, Nairobi, ambako mwaka 1987 Mkanada Bob Munro alisaidia kuanzisha chama cha michezo cha vijana, MYSA, kwa watoto waliokuwa wakicheza mpira wa juala uliofungwa kamba. Ligi yao ina taratibu zake. Timu inayosafisha taka mtaani huongezewa pointi kwenye msimamo. Anayeruhusiwa kusema na refa ni nahodha peke yake. Aliyepewa kadi nyekundu hupuliza filimbi kwenye mechi za wadogo kabla ya kurudi kucheza, apate kujua kelele za wachezaji zinavyomfikia mtu aliye peke yake katikati ya uwanja.

Na kuna kadi ya kijani. Refa humpa mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wote katika mechi, na kadi hiyo huhesabiwa katika tuzo za kusaidia karo ya shule. Yaani mtoto anayemwinua beki aliyeanguka, au anayeshangilia na wenzake bila kumgeukia kipa, anaweza kuondoka uwanjani na kitu kinachowahusu hata wazazi wake. Adhabu humwambia mtoto asifanye nini. Kadi hii humwonyesha la kufanya, na inawezekana hata katika ligi za mitaani kwetu: kipande cha karatasi ngumu, rangi ya kijani, na refa aliyeambiwa mapema aangalie nini.

Wapo wanaodai adabu haileti makombe. Timu ya wakubwa iliyotokana na MYSA, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008.