Dawa Moja Haikutosha: Habari za Kifua Kikuu

Wasomaji wetu waujua ugonjwa wa kifua kikuu. Lakini si wengi waulizao kwa nini mgonjwa hupewa dawa kadha wa kadha pamoja, wala hapewi moja tu iliyo kali. Hayo hayakujulikana tangu mwanzo, na wengi walikufa kabla hayajajulikana.

Mwaka 1943 kijana Albert Schatz, mwanafunzi wa Selman Waksman katika chuo cha Rutgers huko Marekani, alipata katika udongo kiumbe kidogo kitoacho dawa ya kuua vijidudu vya ugonjwa huu. Dawa hiyo ikaitwa streptomisini. Kabla yake wagonjwa walilazwa, wakapewa hewa safi na chakula, wakangojea.

Uingereza ilikuwa na dawa hiyo kidogo tu, kwa kuwa vita viliimalizia fedha. Basi mwaka 1947 wagonjwa 107 wakagawanywa kwa kura, tabibu asije akampendelea aliyemhurumia: 55 wapewe streptomisini, na 52 walazwe tu kama ilivyokuwa desturi. Hata miezi 6 ilipotimia, wa dawa walikuwa wamekufa 4, na wa kulazwa 14. Ikawa furaha kubwa, lakini haikudumu. Wagonjwa waliokwisha kunenepa walianza kudhoofika tena, na dawa ile ile iliyowainua haikuwafaa kitu. Baada ya miaka 5, katika wale 55 walikuwa wamekufa 32. Katika wale 52, walikufa 35.

Sababu ni hii. Kifuani mwa mgonjwa mna vijidudu mamilioni kwa mamilioni, na miongoni mwao vimo vichache ambavyo kwa asili yake havidhuriki kwa dawa hiyo. Dawa huviua vingine vyote, ikaviachia hivyo vichache nyumba nzima, navyo huzaana. Mkulima ang'oaye aina moja tu ya magugu ajua shamba litakuwa la nani. Lakini tukisema kwa hesabu ya darasani, ikiwa kijidudu kimoja katika milioni huishinda dawa ya kwanza, na kimoja katika milioni huishinda ya pili, basi cha kuzishinda zote mbili ni kimoja katika milioni mara milioni.

Ndipo streptomisini ikaunganishwa na PAS, dawa iliyobuniwa na Jörgen Lehmann huko Uswidi. Mwaka 1952 ikapatikana isoniazidi, na John Crofton wa Edinburgh akazitumia zote tatu pamoja; watu waliohesabiwa kuwa wa kufa wakarudi makwao. Ila muda ulikuwa mrefu, kama mwaka na nusu.

Kufupishwa kwa muda huo kwatuhusu sisi. Wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walitibiwa kwa majaribio ya dawa kwa miezi 6, wengine wakipewa rifampisini pamoja na streptomisini na isoniazidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972 yalionyesha kwamba miezi hiyo yaweza kutosha. Majina yao hayakuandikwa vitabuni, nasi twaona ni haki wakumbukwe pamoja na matabibu.

Siku hizi wagonjwa wengi hupewa dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4. Kikohozi hupungua mapema, mtu akadhani kazi imekwisha, kumbe vijidudu vingine vingali vimelala. Na yule amezaye moja, akaificha nyingine kwa kuwa yamchafua tumbo, aweza kupatwa na yaliyowapata wale 55. Na amwambukizaye hupokea vijidudu visivyouawa na dawa hiyo, naye hajaimeza hata siku moja.