Huko Mvua Vipi?

Hesabu siku za juma kwa Kiswahili na utakuta jambo la kuchekesha: Jumamosi ndiyo siku ya kwanza. Mosi, pili, tatu, nne, tano, kisha Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, halafu Ijumaa, siku ya kukusanyika. Juma letu lina siku mbili za tano, na linaishia Ijumaa. Majina haya yametoka kwa Waislamu wa pwani, ambao wiki yao ilizunguka swala. Kwa hiyo tunapotakiana "wikendi njema" asubuhi ya Jumamosi, tunaagana na juma katika siku ambayo lugha yenyewe inasema ndiyo kwanza linaanza.

Wikendi, basi, ni mgeni. Lakini maongezi tunayoyafanya wikendi si mageni hata kidogo. Nina marafiki kadhaa waliozaliwa Lushoto ambao sasa wanatafuta riziki Dar es Salaam. Jumamosi ndiyo siku yao ya kupiga simu nyumbani na kupiga soga wao kwa wao, na mpangilio ni uleule kila mara: umeamkaje, wazee hawajambo, nani ameoa, kabichi inauzwaje, na mwishoni swali ambalo halikosekani: huko mvua vipi?

Mtu anaweza kuyaita hayo porojo. Mimi ninayesoma historia katika shahada ya uzamili nayaona kama hati ya kale ambayo bado inaandikwa. Swali la mvua lina umri mkubwa kuliko wikendi, na ni la zamani kuliko mji wa Lushoto wenyewe.

Katika milima ya Usambara salamu haiharakishwi. Asubuhi unaamkiwa "Onga maundo", mchana "Onga mshi", nawe unajibu "Niwedi", yaani mzima. Baada ya hapo ndipo habari zinafuata moja baada ya nyingine. Anayeruka hatua hizo na kuingia moja kwa moja kwenye shida yake ataonekana kama aliyeingia nyumbani kwa mtu bila kupiga hodi.

Ndani ya maongezi hayo, mvua haikuwa kamwe habari ya hewa tu. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeanza utafiti wake Usambara katika miaka ya 1960, ameeleza katika vitabu vyake vya 1974 na 1990 namna Washambaa walivyofikiri kuhusu utawala. Kulikuwa na kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme aliyeishika nchi yote kwa mkono mmoja aliiponya, na mvua ikanyesha. Wenye nguvu walipokabiliana bila mmoja kumshinda mwingine, hali iliyoitwa nguvu kwa nguvu, njaa iliingia. Kuuliza kama mvua imenyesha kulikuwa pia ni kuuliza: je, tunatawaliwa vizuri?

Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kutoka Vugha, alikuwa mfalme wa aina hiyo ya kwanza. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848 na kukuta utawala wake ukifika hadi karibu na pwani. Alipofariki mwaka 1862, warithi wake waligombana. Vita vikazuka, bunduki zikapanda mlimani kutoka nyikani, na watu wakakamatwa na kuuzwa utumwani. Katika miaka kama hiyo, swali la kawaida kabisa, "umetoka wapi?", linaacha kuwa la kawaida. Soga inahitaji amani kwanza. Ndiyo maana watu wanapoacha kuulizana habari njiani, historia inapaswa kushtuka.

Kisha wakaja Wajerumani. Mwaka 1891 wamisionari wa Kilutheri walifungua kituo Mlalo, na Jumapili ikaanza kuwa siku ya kengele. Serikali yao ikajenga mji wa utawala na kuuita Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaisari. Ndio Lushoto ya leo. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na mashamba ya walowezi yakadai watu wa kuyalima. Mwaka 1907 wilaya hiyo ikaanzisha utaratibu wa kadi: mwanamume alitakiwa kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, na asipofanya hivyo angepelekwa kwenye kazi za serikali.

Hapo ndipo saa na siku zilipopata bei. Katika mashamba ya mkonge ya nyanda za chini, chini ya Wajerumani na baadaye Waingereza, mfanyakazi alibeba kipande chenye nafasi 30. Siku uliyofanya kazi iliwekwa alama, na uliyopumzika ilibaki tupu. Kipande cha siku 30 kwa kawaida kilichukua zaidi ya mwezi kukamilika, maana mwili huchoka, na mtu ana msiba, ana mgonjwa, ana shamba lake mwenyewe mlimani. Sisi tunaiona wikendi kama zawadi. Kwa waliotutangulia, siku ya kupumzika ilikuwa mraba mweupe usiolipwa. Soga waliyoipiga siku hiyo waliigharamia wenyewe.

Lakini karatasi zilizowahesabu watu ziliwapa pia mahali pa kuzungumza. Tayari mwaka 1888 misheni ya UMCA huko Zanzibar ilikuwa na gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Katika miaka ya 1890 likafuata Habari za Mwezi, kutoka Magila, chini ya Usambara ya Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 shule ya serikali ya Tanga ikachapisha Kiongozi, na mwaka 1923, chini ya Waingereza, likazaliwa Mambo Leo. Ukiyatazama magazeti hayo kwa kutafuta siasa kubwa, unaweza kuchoka haraka. Kilichojaa humo ni barua za walimu na makarani waliotawanyika vituoni: nani amehamishwa, nani amefiwa, mazao yakoje, mvua imechelewa au imewahi. Ni watu waliosoma pamoja, wametenganishwa na kazi, wanajuliana hali. Miongo kadhaa baadaye kazi hiyo ikachukuliwa na salamu za redioni, ambako mtu wa Mombo alimsalimu mtu wa Mtwara huku nchi nzima ikisikiliza.

Kuna waliobaki nje ya karatasi hizo: wasiojua kuandika, na hasa wanawake. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha huko Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko, wakawaamuru wakulima wachimbe matuta kwenye miteremko. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu kubwa ya kilimo cha chakula ilikuwa mikononi mwa wanawake. Watu walipinga, wanawake wakiwemo, na mpango ukaporomoka kabla ya uhuru. Faili la serikali linaweza kukueleza tuta lilivyotakiwa kuchimbwa. Haliwezi kukueleza wanawake wawili walisemezana nini wakirudi kutoka gulioni na vikapu vichwani, ingawa upinzani kama ule lazima ulipita kwanza katika maongezi ya aina hiyo. Feierman aliyajua mengi aliyoyaandika kwa kuketi na wakulima na kuwasikiliza.

Hilo ndilo linalonihangaisha. Wazee walioshika majembe katika matuta yale wanazidi kupungua, na sisi wasomi tuna tabia ya kwenda kwao na orodha ya maswali makubwa: ukoloni, mapambano, uhuru. Tunaruka salamu. Tunaruka kabichi na mvua ili tufike kwenye "historia". Tukifanya hivyo tunaondoka na majibu mafupi tunayostahili, kwa sababu njia ya kuingia katika kumbukumbu ya mtu wa Usambara ni ileile ya kuingia nyumbani kwake.

Jumamosi hii kijana wa Tabata atampigia mama yake aliyeko Lukozi. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Habari zitapita zote kwa zamu, kisha atauliza kuhusu mvua, na mama atasema, "Imenyesha kidogo." Kijana atasikia mengi katika maneno hayo mawili: kama viazi vitapona, kama ada ya mdogo wake itapatikana, kama yeye mwenyewe atatuma hela mwezi huu. Hakuna mfalme tena Vugha wa kuulizwa. Lakini nani anaiponya nchi na nani anaiharibu bado ni swali halali, na watu wanaendelea kuulizana, kwa upole, katikati ya habari za harusi na bei ya kabichi.