Wa Mwisho Mwezi wa Saba: Braves wa 1914 na wa 2021

Zamu ya kuandika imenifikia, na wengi mnajua tayari nitaandika nini. Ndiyo, ni besiboli tena. Watu wa mpira wa miguu mnivumilie kidogo, juu leo sitaki kusifu timu yangu tu. Nataka tuangalie katikati ya msimu: ule wakati ambapo msimamo wa ligi kila mtu anauona, lakini mwisho wake hakuna anayeujua.

Timu yangu ni Atlanta Braves. Niliijua kupitia mtoto wa shangazi yangu. Yeye na familia yake walipelekwa Marekani wakapata nyumba Clarkston, mji mdogo karibu na Atlanta ambao umepokea wakimbizi wa mataifa mengi. Yeye alinitumia video za kwanza, mimi nikaanza kuchimba historia. Kumbe timu yenyewe ni mhamaji kama sisi! Ilianza Boston mwaka 1871, ikahamia Milwaukee mwaka 1953, halafu mwaka 1966 ikafika Atlanta. Imechukua ubingwa wa World Series mara nne, katika miji mitatu: Boston 1914, Milwaukee 1957, Atlanta 1995 na tena 2021. Leo nachukua ule wa kwanza na ule wa mwisho.

Kwa wale wasioujua mchezo huu: siku hizi kila timu inapangiwa mechi 162 kwa msimu mmoja. Inacheza karibu kila siku, kuanzia mwanzo wa mwezi wa nne hivi mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Zamani zilikuwa 154. Hakuna pointi. Wanahesabu umeshinda mara ngapi na umeshindwa mara ngapi, na ukiwa nyuma wanasema uko nyuma ya kinara kwa mechi ngapi.

Sasa twende Boston, mwaka 1914. Braves walianza vibaya sana: katika mechi 22 za kwanza walishinda 4 tu. Tarehe 4 Julai walicheza mechi mbili siku moja na timu ya Brooklyn, wakapoteza zote mbili. Jioni ile walikuwa wa mwisho katika Ligi ya Taifa, wameshinda 26 na kupoteza 40, nyuma kwa mechi 15. Aliyekuwa juu ni New York Giants, timu iliyokuwa imechukua ligi hiyo miaka mitatu mfululizo. Ukimuonyesha mtu yeyote ule msimamo, angekuambia funga daftari.

Lakini kuanzia hapo, katika mechi 87 zilizobaki na zenye mshindi, walishinda 68. Mwanzoni mwa Septemba walishika uongozi na hawakuuachia tena. Walimaliza na ushindi 94, na Giants wakabaki nyuma yao kwa mechi 10 na nusu. Kwenye World Series wakakutana na Philadelphia Athletics, mabingwa wa 1910, 1911 na 1913. Wakawapiga mechi 4 kwa 0.

Wamarekani mpaka leo wanawaita Braves wa Muujiza. Mimi hilo jina silipendi sana, juu linaficha kazi. Kocha wao George Stallings hakuwa na nyota wengi, hasa kwa wale wachezaji watatu wanaosimama mbali nyuma uwanjani. Mpigaji wa mkono wa kushoto kwa kawaida anampiga vizuri mrushaji wa mkono wa kulia, na wa kulia anampiga vizuri wa kushoto. Basi Stallings akawa anawabadilisha watu wake wa nyuma kulingana na mrushaji wa siku hiyo. Leo kila timu inafanya hivyo. Wakati ule yeye alikuwa kati ya wa kwanza kufanya kwa mpango. Kurusha, akategemea zaidi watu watatu: Dick Rudolph, Bill James na Lefty Tyler. Rudolph na James walishinda mechi 26 kila mmoja. Na katikati ya uwanja alikuwepo nahodha Johnny Evers, mkali kweli kweli, aliyekuwa ametoka Chicago mwaka ule ule.

Turuke sasa miaka 107, twende Atlanta 2021. Tarehe 10 Julai Ronald Acuña Jr., mchezaji wao bora, aliruka kuudaka mpira pale Miami, akatua vibaya, goti likachanika. Msimu wake ukaisha hapo. Siku chache baadaye ligi ilipumzika kwa ile mechi ya nyota ya kila mwaka, na Braves walikuwa wameshinda 44 na kupoteza 45. Nusu ya msimu imepita, wameshindwa zaidi ya walivyoshinda, na mtu wao mkubwa ameumia.

Meneja mkuu Alex Anthopoulos angeweza kuuza wachezaji na kungoja mwaka ujao. Hakufanya hivyo. Ndani ya mwezi ule wa saba alichukua watu wanne wa nyuma kutoka timu nyingine: Joc Pederson, Adam Duvall, Jorge Soler na Eddie Rosario. Hakuna hata mmoja aliyekuwa nyota kama Acuña. Ilipofika tarehe 6 Agosti, ndiyo mara ya kwanza mwaka mzima ushindi wao ulizidi kushindwa kwao. Walimaliza na ushindi 88. Kwenye mtoano waliitoa Los Angeles Dodgers iliyokuwa na ushindi 106, na Rosario akawa mchezaji bora wa raundi ile. Tarehe 2 Novemba waliifunga Houston Astros 7 kwa 0, wakawa mabingwa kwa mechi 4 kwa 2. Mchezaji bora wa World Series akawa Soler. Yaani wale waliookotwa mwezi wa saba ndio walibeba kombe.

Hapa nataka kuwa mkweli, si kuwapa maneno matamu. Timu nyingi zinazokuwa za mwisho mwezi wa saba zinamaliza za mwisho. Tunawakumbuka Braves wa 1914 kwa sababu ni nadra. Tena msimamo unaweza kumdanganya hata aliye juu: mwaka 1951 Brooklyn Dodgers waliongoza kwa mechi 13 mwezi wa nane, na Giants wakawafikia, wakawapokonya ligi. Kwa hiyo fundisho langu si "usikate tamaa" peke yake. Kukataa kukata tamaa bila kubadilisha kitu ni kupoteza mechi zilizobaki ukiwa na furaha tu. Stallings na Anthopoulos walisoma msimamo vizuri kuliko wote. Waliusoma kama orodha ya mahali panapovuja, si kama hukumu. Wakaziba pale pale.

Na kuna tofauti ambayo sisi wa kambini tunaijua. Besiboli ina mechi 162 na tarehe ya mwisho. Kungoja kwetu hakuna kalenda. Kuna watu hapa wana miaka 10, 15, wanasubiri kuitwa, na hakuna aliyewaambia wako mechi ya ngapi. Hilo siwezi kulilinganisha na mchezo, na sitajaribu.

Lakini shule ina kalenda. Tangu matokeo ya katikati ya mwaka yabandikwe, vijana wanne wameacha kuja kwenye darasa la jioni ninalosaidia. Mmoja wao alisema, "Mimi ni wa 61 kati ya 64, narudi kufanya nini?" Ndugu yangu, karatasi ile inaonyesha ulikofika, haijui mtihani wa mwisho. Ulikuwa na 12 katika hesabu lakini 58 katika jiografia. Basi tunajua panapovuja ni wapi, na bado tuna wiki 14.

Jumamosi saa nne, chini ya mti pale karibu na bomba la maji, nitakuwepo na madaftari. Yule mwenye nguvu katika hesabu, aje amsaidie mwenzake. Wewe unayesoma hapa na unawajua hao wanne, wapitie nyumbani, waambie waje na karatasi zao za matokeo. Wasizifiche. Tunaanza na hizo.