Nawa Mikono, Ingia

Agosti ya Nairobi haina jua, kila mtu anajua. Nilikuwa darasa la tatu, shule zimefungwa, mathe ametoka saa kumi na moja asubuhi kwenda Gikomba na mitumba yake, na mimi nimebaki na ufunguo wa nyumba umening'inia shingoni. Siku moja nikaingia maktaba ya mtaani kwetu. Tusidanganyane, sikuenda kusoma. Nilienda kwa sababu ndani kulikuwa na joto na hakuna mtu aliyeitisha pesa mlangoni.

Mlangoni kulikuwa na beseni la maji na kipande cha sabuni. Mama aliyesimamia chumba cha watoto, tuliyemwita Auntie tu, alikuwa na sheria moja: nawa mikono, ingia. Mkishaingia anawasomea hadithi, halafu anawamwagia sakafuni katoni kuukuu, magazeti, na gundi ya unga wa ngano aliyoipika kwake. Kila mtu anamtengeneza mnyama wa hadithi ya siku hiyo. Fisi wangu alitoka na miguu mitatu. Wenzangu walicheka mpaka nikataka kulia. Auntie akamtazama fisi, akauliza, "Huyu aligongwa na matatu namba gani?" Ikabidi nieleze. Nikaeleza ajali nzima, na kondakta aliyetoroka, na wale wenzangu wakanyamaza kunisikiliza.

Mwaka uliofuata Auntie alihamishwa. Chumba cha watoto kikageuzwa pa watu wazima kusomea mitihani. Beseni likaondoka, na askari akaja na sheria yake: watoto wana kelele.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili (karo, hiyo stori ni ya siku nyingine), nilirudi kukaa maktaba kwa sababu ileile ya utotoni: ni bure. Hapo ndipo nikaanza kujiuliza mambo ya Auntie aliyatoa wapi. Nani alikuwa wa kwanza kusema likizo ikifika, mtoto aachiwe kitabu, makasi na gundi ndani ya nyumba inayoogopa kelele?

Jibu lilinipeleka Marekani, mwisho wa karne ya 19. Maktaba nyingi za huko zilikuwa hazitaki watoto kabisa. Nyingine ziliandika umri kwenye masharti: chini ya miaka 12 au 14, kaa nje. Lakini miji ilikuwa inajaa familia za wahamiaji, na shule za huko hufungwa zaidi ya miezi miwili wakati wa kiangazi. Mtoto wa tajiri anapelekwa mashambani au ufukweni. Mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda anabaki mtaani na jua la utosi.

Mwaka 1897 mkutubi mmoja wa Cleveland, jimbo la Ohio, anayeitwa Linda Eastman, alianzisha ligi ya watoto ya maktaba. Si ligi ya mpira. Mtoto alijiunga kwa kuahidi kuvitunza vitabu na kuvishika kwa mikono safi. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, watu wakageuka. Mikono safi! Beseni la Auntie lilikuwa na ukoo mrefu kuliko nilivyodhani. Miaka iliyofuata, klabu za kusoma wakati wa kiangazi zikaenea katika maktaba za Marekani, na mpaka leo zipo.

Ila kunawa ni mwanzo tu. Mkono ukishakuwa safi, ufanye nini? Huyu sasa ndiye mtu wangu: Pura Belpré. Alitoka Puerto Rico akaenda New York mwaka 1920 kwa harusi ya dadake, akabaki. Mwaka 1921 akaajiriwa katika tawi la maktaba la barabara ya 135, Harlem, akawa Mpuerto Rico wa kwanza kufanya kazi ya ukutubi katika maktaba za jiji hilo. Alipotafuta rafuni zile hadithi alizokua akisimuliwa nyumbani, hakuzipata. Basi akazisimulia mwenyewe, kwa Kihispania na Kiingereza, na akatengeneza vikaragosi vya kuchezesha kwa mkono ili watoto wawaone wahusika wakitembea. Mwaka 1929 alihamia tawi la barabara ya 115, mtaa uliokuwa ukijaa watu wa kwao, na watoto waliokuwa wakipita nje ya jengo kama si lao wakaanza kuingia na mama zao. Mwaka 1932 hadithi yake ya mende na panya, *Pérez and Martina*, ikatoka kama kitabu. Sasa ikawa rafuni.

Weka hiyo miaka akilini, kisha rudi Nairobi. Unawajua wale simba wawili wa mawe Banda Street? Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931. Lucie McMillan aliijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, na sehemu ya pesa ilitoka Carnegie Corporation ya New York. Sasa sikiza: matawi yote mawili ya Pura, la 135 na la 115, yalijengwa kwa pesa za Carnegie huyohuyo. Mfuko ulikuwa mmoja. Kule Harlem, mtoto wa mhamiaji maskini anakaa chini akimtazama mende wa kitambaa akiongea Kihispania. Huku, mtoto wa Pumwani hata akinawa mikono mpaka viwiko, haingii. McMillan ilikuwa ya Wazungu pekee mpaka 1958.

Kwa hivyo mtu akiniambia shida ya maktaba zetu ni pesa, nakubali nusu. Pesa hujenga ukuta na kununua simba. Lakini sheria ya mlangoni huwekwa na mtu.

Baada ya uhuru, mwaka 1965, Bunge lilipitisha sheria ya kuunda huduma ya maktaba za taifa. Mwaka 1996 huduma hiyo ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa. Ngamia anapigishwa magoti, masanduku yanashushwa, mikeka inatandikwa, watoto wanachagua. Mlango hakuna kabisa, na sijasikia maktaba iliyotatua shida ya askari vizuri namna hiyo. Mjini nako, mwaka 2018 shirika la Book Bunk liliingia makubaliano na Kaunti ya Nairobi kufufua McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Kaloleni na Makadara, Eastlands kabisa, watoto wakarudishiwa pa kusoma, kuchora na kusikiliza hadithi.

Utauliza, kwani ina maana gani mtoto akibandika katoni mwezi wa nane? Mwaka 1978 mwanasosholojia Barbara Heyns alichapisha utafiti wake kuhusu wanafunzi wa darasa la sita na la saba Atlanta. Aligundua kwamba pengo kati ya mtoto wa tajiri na wa maskini hupanuka zaidi shule zikiwa zimefungwa, si zikiwa wazi. Na kitu kilichosaidia kuliko vingine wakati huo wa kiangazi kilikuwa kusoma, na umbali wa mtoto kutoka maktaba ulikuwa na uzito wake. Kwetu, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku tuisheni za likizo. Vizuri sana, mtoto apumzike. Lakini apumzikie wapi? Mwenye pesa ana kambi za likizo na masomo ya kuogelea. Mwingine ana ufunguo shingoni.

Agosti iliyopita nilimpeleka mtoto wa dadangu, ana miaka sita, kwenye maktaba ileile. Chumba chetu bado kimejaa watu na karatasi zao za mitihani, na siwalaumu, nyumbani kwao pia hakuna meza. Niliomba saa moja kwa wiki. Nilizungushwa ofisi tatu, mwishowe nikapewa baraza ya nje, Jumanne saa nne, kwa sharti kelele isiingie ndani.

Beseni nilinunua Gikomba. Gundi napika mwenyewe, na mara ya kwanza niliiunguza. Walianza watano, sasa wanafika kumi na moja. Baridi ikizidi, tunasogea karibu na ukuta, na wale wa ndani huwa wanachungulia dirishani kuona sungura wa leo amefanana na nini. Kuingia, bado hatujaruhusiwa. Nitaomba tena Disemba, na kwa sasa maji yapo mlangoni.